Gego la Chini, Upande wa Kushoto

Kadutu, Bukavu, jioni ya mwisho kabla ya safari yako

Nabintu binti yangu,

Ya sabuni, ya kadi ya chanjo, ya sweta mbili za kuvaa moja juu ya nyingine, mama yako amekwisha kuyasema, na kesho atayasema tena mpaka dereva awashe gari. Mimi siongezi hata moja. Nina neno langu moja tu na wewe unalijua: lile gego lako la chini, upande wa kushoto, lililopasuka juu ya mahindi ya kukaanga. Nusu yake imebaki, na hiyo nusu leo inakaa chini ya kofia ya rezini, ile plastiki ya meno, niliyoiweka ya muda tu. Toka Jumapili tunasalimiana kama watu wa ofisi kwa sababu ya jino hilo. Sitaki upande ndege tukiwa hivyo.

Kofia ya dhahabu iko tayari. Nimeichonga kwa nta, nimeiyeyusha, nimeing'arisha, imekaa juu ya plasta ya jino lako, niliyoipunguza milimita moja juu, bila kutikisika. Ilibaki kupunguza jino lenyewe vilevile, kisha saruji na dakika chache za kuuma pamba. Wewe ukasema mezani, mbele ya mama yako na tonton yako Cirhuza: "Papa, mi sitaki or, sitaki dhahabu. Ile ni ya bazee ba Shabunda. Kule nitacheka na watu, waone nini?"

Na mudogo wangu Cirhuza, ambaye hajawahi kufika mahali panapoitwa kazi kabla ya saa tatu, akapata la kusema: "Ee yaya, kaka yangu! Leo bei ya dhahabu imeshuka mu nyumba yako mwenyewe!"

Nilikasirika, sikatai. Gego hilo, la sita kutoka katikati, haliko kwenye kicheko, mwanangu. Mutu halioni mpaka akutie taa kinywani. Lakini hasira yangu haikuwa ya kicheko, na leo nataka kukueleza ilikuwa ya nini, maana unakwenda Ubelgiji kujifunza kazi yangu ukiwa na karatasi ambazo mimi sikupewa, na nisingependa ujifunze kwa miaka minne jambo ambalo mimi lilinichukua ishirini.

Wewe ulizaliwa ukakuta kibao mulangoni: MENO. Hujui kwamba zamani kilikuwa na neno jingine mbele, DENTISTE, kwa rangi nyekundu. Alikuja bwana mukaguzi wa afya, suti yake ya abacost imepigwa pasi mpaka inakata, akasema: "Citoyen, diplome iko wapi?" Nikamuonyesha vinywa vya watu. Akasema hakuomba vinywa. Nikafuta neno lile nikaandika meno tu, maana hakuna sheria ya Zaïre inayokataza mutu kuandika meno kwenye mulango wake. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa heleni na pete. Kuyeyusha nilijifunza kwa muzee mumoja wa kule Nguba aliyetumia kiazi: unakata kiazi cha Ulaya katikati, dhahabu ikiwa imekuwa maji juu ya tundu la plasta unakigandamiza hapo, mvuke wa kiazi unaisukuma dhahabu ndani mpaka kwenye kona ndogo kabisa. Kofia zangu za kwanza zote zimepita chini ya kiazi. Watu wamecheka, lakini wametafuna.

Sasa sikia habari ya babu yako, baba ya mama yako. Kipande hiki mama yako hukisimulia kwa namna yake, nami nimekaa kimya kwa heshima. Kimya kimetosha.

Muzee Mulonda alishuka kutoka Shabunda muda mufupi baada ya ndoa yetu. Dhahabu yake aliibeba kama wachimbaji wote wa kule wanavyoibeba, unga ndani ya bomba la unyoya wa ndege, limezibwa kwa nta. Alitaka kofia ya gego. Na desturi ya wenye dhahabu yao unaijua: mwenyewe anakaa kwenye kigoda karibu na moto, macho hayatoki kwenye chungu, hata kikohozi anakizuia. Kwao, fundi anayetia kitu ndani ya dhahabu ya mutu anatia ili atoe. Nikachukua kipande cha shaba na cha feza.

"Mukwe, unatia nini humo?"

"Shaba kidogo, muzee. Na feza. Ili ikuwe ngumu."

"Mimi niliiosha mu maji na mikono yangu mbili. Haikukuwa na shaba."

"Njo vile, muzee, lakini peke yake iko laini, haiwezi kutafuna."

"Na ile yangu itakayobaki, itaenda kulala wapi?"

Mama yako alikuwa mulangoni na sinia. Nilimuangalia, akaangalia chini. Nilikuwa kijana, mukwe mupya, Mushi kati ya Warega, fundi asiye na karatasi. Neno mwizi lilikuwa limekwisha kuingia ndani ya chumba, lilikuwa linatafuta kiti tu. Nikarudisha shaba kwenye kopo. Nikamuyeyushia dhahabu tupu, safi kama alivyoitaka. Akatoka anang'aa, akawaambia watu wote mukwe wake hana mukono muchafu.

Dhahabu tupu ni laini, Nabintu. Unaweza kuiachia alama kwa ukucha ukijibidisha. Kwenye gego, ambapo mutu mwenye nguvu anauma kwa uzito wa gunia zima la maharagwe, ililala kama chapati. Ncha ya jino la juu ikaitoboa. Chini ya tundu lile mate yakaingia, jino likaoza taratibu bila yeye kujua, maana juu kulikuwa kunang'aa. Maumivu yalimukuta kule kwao, mvua imekata barabara. Shavu lilivimba mpaka jicho likafunga. Infirmier, muuguzi wa kule, alilivuta kwa koleo ambayo sitaki hata kuiwaza, na kipande cha mufupa kikatoka nalo. Miezi kadhaa baadaye akaja hapa, shavu limeingia ndani, akasema mbele ya ukoo wote wa mama yako: "Mukwe, dhahabu yako ilikuwa mubaya."

Yako! Dhahabu aliyoiosha mwenyewe kwa mikono yake miwili!

Nimebeba neno hilo miaka mingi kama deni ambalo si langu. Lakini mutu akihesabu vizuri anafika mahali hataki kufika. Mimi ndiye niliyejua na yeye hakujua. Niliogopa kuitwa mwizi, nikaitwa fundi mubaya, na yeye akapoteza gego. Hesabu hiyo haina hata upande mumoja uliopata faida. Tangu siku ile mutu akiniambia nisitie shaba, namufungia unyoya wake namurudishia. Wengine walikwenda kwa fundi mwingine na wakanitukana njiani. Vema.

Basi nikageuka upande wa pili, ndivyo mutu anavyofanya akiungua. Nikasema: laini imeniaibisha, sasa nitataka ngumu. Ilipofika ile metali nyeupe ya nikeli kutoka Bujumbura, ngumu mpaka inakula msasa, niliiabudu. Nikajitengenezea mwenyewe moja, gego la chini kulia, ndiyo ile unayoiona nikipiga mwayo. Iko vilevile, haijalika hata unene wa unywele. Jino la juu yake, ambalo Mungu alinipa bila kasoro, limesagika mpaka kwenye rangi ya njano, na nikinywa maji ya ziwa ya asubuhi nasimama kwa muguu mumoja. Nilichelewa kuelewa kwamba kusagika hakupotei. Kitu kikikataa kulika, kilicho mbele yake kinalika mara mbili. Na si meno tu. Nyumba hii nayo ilikuwa na mutu asiyelika, na muulize mama yako nani alilika badala yake. Mutu huyo nilikuwa mimi.

Ndiyo maana nimerudi kwenye dhahabu, dhahabu iliyochanganywa kwa kipimo, ngumu ya kutosha kutafuna na laini ya kutosha kuheshimu jino lililo mbele yake. Inalika kama jino linavyolika, zinazeeka pamoja. Ukiniona naitetea kama mutu anayetetea shamba la baba yake, ujue nimefika kwayo kwa miguu, nikipitia makosa mawili.

Halafu ukaja wewe na kauri yako.

Yule dentiste Mbelgiji aliyepita hapa kufundisha kwa wiki mbili, ambaye wewe ulimubebea sanduku, alikuachia kipande kimoja cheupe, kikubwa kama sukari ya donge, nusu yake imekwisha kukatwa. Ukanieleza macho yakiwaka: kamera ndogo inaingia kinywani, jino linaonekana kwenye kioo cha ordinateur, ile kompyuta, daktari anachora mupaka wake kwa kidole, na mashine inakata donge lile kwa gurudumu la almasi chini ya maji, maharagwe hayajaiva jino limekwisha. Hakuna nta, hakuna plasta, hakuna moto, hakuna kiazi. Nilikusikiliza mpaka mwisho. Nilichosikia ni kwamba hakuna mimi.

Hapo ndipo nilipochukua mashine ya kushonea ya mama yako. Nilitoa sindano, mahali pake nikafunga gego la mutu kutoka kwenye ile chupa ya meno niliyoyang'oa, chini nikaweka kopo la sardini lenye maji na mchanga mwembamba, na ndani ya kopo, ndani ya plasta, nikaweka kitu cha kupimwa. Unakanyaga pedali, jino linapanda na kushuka, linatafuna. Mama yako alirudi kutoka sokoni akanikuta.

"We mutu! Mashine yangu inatafuna meno ya batu?"

"Inafanya kazi ya sayansi, mama Nabintu."

"Na robe ya maman Zawadi nitaishona na nini, na sayansi?"

Nilikanyaga jioni nne, kila kitu kwa muda uleule, na jino jipya kila mara. Rezini ilikwisha yenyewe kama sabuni, jino likabaki zima, ndiyo maana nakuambia hiyo uliyovaa si ya kukaa nayo. Dhahabu ilipungua kidogo na jino likapungua kidogo, sawasawa. Nikeli haikupungua. Na kauri yako haikupungua hata kidogo, lakini jino lililoigonga lilibaki tambarare kama meza. Nilipima kwa kompasi yangu ya unene, ile ya sehemu za milimita, nikapima tena. Nikafurahi, mwanangu. Mutu mwenye miaka yangu kufurahi kwa jino lililosagika!

Jumapili nikaleta lile jino kwenye sahani mezani, katikati ya sombe na fufu, nikaliweka mbele yako. Wewe ulilishika, ukaligeuza kwenye mwanga, ukauliza jambo moja tu, taratibu, kama unavyouliza chumvi:

"Papa, ile kauri ulii-polir, uliing'arisha?"

Nikasema chakula kinapoa. Cirhuza akacheka na fufu mudomoni. Wewe ukasema ya bazee ba Shabunda, mimi nikasema mutu anayeona haya na kinywa cha kwao asisome meno, asome kitu kingine, na kwamba nauli ile ningeweza kununua nayo mabati. Ukaondoka mezani.

Sikuing'arisha. Niliiweka kama ilivyotoka kwenye gurudumu la almasi, yenye kukwaruza kama jiwe la kusagia. Dhahabu yangu nilikuwa nimeing'arisha mpaka ninaona taa ndani yake. Nililijua hilo wakati nakanyaga pedali. Niliifanyia kauri kile mukaguzi alichonifanyia mimi: alipima kwa kipimo ambacho jibu lake alikuwa nalo mufukoni kabla ya kuingia.

Basi jana na leo, ulipokuwa unaaga mashangazi huko Bagira, nimekaa tena kwenye mashine. Mama yako safari hii alihamisha kitambaa chake tu. Kauri nimeing'arisha kwa mipira yangu ya kusugulia yote mitatu na unga wa mwisho ule wa bei, mpaka ukucha unateleza. Jino jipya, mchanga uleule, muda uleule. Hili hapa jibu, bila kupunguza wala kuongeza: jino limelika kidogo zaidi kuliko kwa dhahabu, na kidogo sana ukilinganisha na mara ya kwanza. Imeshindwa na dhahabu yangu, lakini kwa tofauti ambayo mutu muaminifu hawezi kuivunjia sahani mezani.

Huo ni upande mumoja wa mizani. Upande mwingine nao uusikie, maana hapo sijabadilika. Kofia yangu ya dhahabu inataka nikuondolee juu ya jino milimita moja. Kauri inavunjika ikiwa nyembamba, inataka mbili, na kwenye gego lako lililobaki nusu, ile milimita ya pili inakaribia mahali mushipa unapolala. Dhahabu yangu inakaa kwenye mupaka wa jino kwa upenyo wa unywele. Kwa yale aliyoeleza Mbelgiji wako mwenyewe, ile ya ordinateur inaacha upenyo wa karatasi mbili za daftari, wanaujaza kwa gundi. Gundi hiyo ni ndugu ya rezini, na rezini umeiona kwenye kopo. Dhahabu ninayo kinywani mwa watu ambao watoto wao sasa wameoa. Kauri ya mashine, hakuna mutu duniani aliyezeeka nayo. Labda iko nzuri kuliko zote. Sijui. Kusema sijui kumenigharimu jioni mbili na mafuta ya mashine.

Na jambo moja ambalo mashine haikuondoa, usilisahau utakapokuwa mbele ya kioo kile: inakata, lakini haing'arishi. Uso wa kutafunia unamaliziwa kwa mukono. Siku moja ya haraka, ya wagonjwa wengi kwenye benchi, ya fundi anayetaka kwenda kula, na jino la juu la mutu fulani litasagika miaka kumi bila yeye kujua ni nani aliyelisaga. Hakuna atakayerudi kukulaumu. Hapo ndipo utajua wewe ni fundi wa namna gani, na utajua peke yako.

Sasa jino lako. Nimefikiri niliwekee kofia ile kesho asubuhi kabla ya gari, mama yako akushike mukono, na ungekubali, najua ungekubali, ili kuniacha na amani. Ndivyo nami nilivyomukubalia babu yako. Kwa hiyo sitaiweka. Jino lililosagwa halirudi, na sitakuwa mutu wa kwanza kukutolea hata hiyo milimita moja kwa ajili ya kushinda mabishano ya Jumapili. Nenda na rezini. Kwa kutafuna tumia upande wa kulia, na njiani, pale Sange, dereva akisimama watu wanunue miwa, wewe angalia mulima. Ikikaa wiki chache inatosha kukufikisha.

Ukifika, keti kwenye kiti chao. Muulize anayekutibu ataondoa kiasi gani, na jino la juu litaguswa na nini. Akisema dhahabu, usikatae kwa haya, hata kama aliye karibu anacheka. Akisema kauri na ukaona hesabu yake imesimama, usichague dhahabu kwa huruma ya baba. Huruma ni laini kuliko dhahabu ya Shabunda, haifai kwa gego. Ile kofia yangu ninaiacha hapa juu ya plasta yake. Haiwezi kuingia kinywa kingine chochote duniani, kwa hiyo haiibiwi.

Leo mchana, kabla hujaenda Bagira, ulipolala kidogo kwenye kiti changu cha kazi na kusema nikuangalie rezini kama imeshika, nilichukua pia alama ya gego lako la juu, lile linalokutana na hili. Ulidhani ni sehemu ya kazi. Nimelimimina kwa plasta ngumu, nimelipima kwenye ncha zake nne, nimeandika namba kwa penseli chini ya plasta yenyewe. Utakaporudi kwa likizo, kabla hujala, utakaa hapa na tutalipima tena. Likiwa limelika, nitakuambia, na utafanya unavyojua. Lisipokuwa limelika, nitakuambia pia, na kwanza nitafungua mulango wa barabarani, ili Kadutu yote isikie.

Papa yako